Nani Amefaulu? Lugha ya Matokeo ya Darasa la Saba na Dhana ya Uwajibikaji katika Halmashauri za Dodoma

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, baina ya Oktoba na Desemba, Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Matokeo hayo husomwa kwa namna mbili. Mzazi humtafuta mwanawe. Ofisa wa elimu huitafuta halmashauri yake: iko juu au chini ya jirani zake, imepanda au imeshuka. Usomaji wa kwanza una umri sawa na mtihani wenyewe. Wa pili ulipata nguvu hasa mwaka 2013, serikali ilipoanza kuzipanga shule zote za nchi kwa nafasi na kuzitangaza hadharani, na tangu hapo umejijengea sajili yake katika Kiswahili: ufaulu, kinara, mkia, kuwajibika, kuwajibishwa.

Mjadala wa lugha na elimu nchini Tanzania umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la lugha ya kufundishia katika shule za sekondari. Makala haya yanageukia upande mwingine, yaani lugha ambayo matokeo ya shule za msingi hutangaziwa na kujadiliwa. Hoja yake ni kwamba vitenzi vinavyobeba sajili hiyo, kufaulu na kuwajibika, vinaponyambuliwa katika taarifa za matokeo humwondoa mtoto katika nafasi ya kiima na kuiweka halmashauri mahali pake. Kiima kikishabadilika, tarakimu nayo hupimia kitu kingine. Watoto wa aina mbili hupotea humo: yule ambaye hakuketi kwenye mtihani, na yule aliyeketi lakini akafika shuleni na lugha nyingine. Mifano imetolewa katika Mkoa wa Dodoma, hasa eneo la Kondoa na Chemba, ambako mambo hayo mawili yanaonekana waziwazi kuliko mahali pengi nchini.

2.0 Halmashauri kama kitengo cha hesabu

Inafaa kueleza kwanza kwa nini halmashauri imekuwa ndiyo mwenye matokeo. Mfumo wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 uliondoa serikali za mitaa. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena kazi. Shule za msingi za umma zikawa mikononi mwake. Mwalimu mkuu humripoti ofisa wa elimu wa kata, naye humripoti ofisa wa elimu wa wilaya aliye chini ya mkurugenzi mtendaji, na juu yao kuna mkoa na TAMISEMI. Wizara ya elimu hutunga sera na mtaala, Baraza la Mitihani lililoanzishwa mwaka 1973 hutunga na kusahihisha mtihani. Mwalimu wa kijijini hivyo ana mabwana watatu, na ni mmoja tu kati yao anayeandikwa jina lake kwenye jedwali la matokeo.

Mkoa wa Dodoma una halmashauri nane: Jiji la Dodoma, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa Wilaya, Kondoa Mji, Kongwa na Mpwapwa. Kwa mtafiti anayelinganisha matokeo ya miaka mbalimbali, majina haya ni mtego. Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na Kondoa yenyewe baadaye ikagawanyika kuwa mji na wilaya. Shule iliyohesabiwa chini ya Kondoa mwaka 2010 yaweza kuwa chini ya jina jingine mwaka 2018 bila jengo wala mwalimu wake kuhama. Sentensi isemayo kwamba Kondoa imepanda au imeshuka katika kipindi hicho haiwezi kuthibitishwa kuwa kweli wala uongo mpaka isemwe ni Kondoa ipi. Aidha, sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa mzima ukiwa na watu 2,083,588, na ile ya mwaka 2022 ikaukuta na watu 3,085,625. Sehemu ya ongezeko hilo ni watu waliofuata makao makuu ya nchi mjini Dodoma, wengi wao wakizungumza Kiswahili nyumbani. Ufaulu wa mkoa ukipanda katika muongo huo, yafaa kuuliza kwanza kama ni watoto walewale.

3.0 Kutoka kufaulu hadi ufaulu

Sentensi nne zifuatazo zimeundwa kwa kufuata miundo ya kawaida ya taarifa za matokeo:

(1) Mwanafunzi amefaulu mtihani.
(2) Shule imefaulisha wanafunzi wake wote.
(3) Halmashauri imefaulisha kwa asilimia 78.
(4) Ufaulu wa halmashauri umepanda.

Katika (1) mwanafunzi ni kiima, na mtihani ni kitu alichokishinda yeye. Katika (2) kiambishi cha kutendesha -ish- kinaleta mtenda mpya. Shule sasa ndiyo itendayo, na wanafunzi wameshuka hadi nafasi ya yambwa. Hatua hii si ndogo. Kauli ya kutendesha katika Kiswahili hudai kwamba bila mtenda huyo tendo lisingetokea: mama humlisha mtoto, mwalimu humsomesha. Kufaulisha kwa hiyo ni dai la usababishi, nalo hutolewa bila ushahidi wowote zaidi ya ukweli kwamba mtoto alikuwa amesajiliwa katika shule hiyo siku ya mtihani.

Katika (3) yambwa yenyewe imetoweka. Kitenzi kinachohitaji mtu wa kufaulishwa kimebaki na kielezi cha kiasi peke yake, na msikilizaji haoni pengo. Katika (4) hakuna tena mtu wala tendo. Kitenzi kimenominishwa kwa u-, nomino hiyo imekuwa kiima, na sasa hupanda na kushuka kama bei ya mahindi. Ni nomino hii ya mwisho inayoingia katika hotuba, katika malengo ya mwaka na katika barua za kuwataka walimu wajieleze.

Upande wa kushindwa una sura tofauti. Kufeli kumetoka Kiingereza na kumeenea sana mitaani. Kufelisha pia husikika, lakini kama lawama tu, pale mzazi anapomnung'unikia mwalimu. Taarifa rasmi hukwepa vyote viwili na kuzitaja shule zilizofanya vibaya. Magazeti huongeza sitiari: walio mbele ni vinara, walio nyuma huburuza mkia. Katika nchi ya wafugaji kama Ugogo sitiari ya mkia ingepaswa kuzaa swali. Mchungaji anayemwona ng'ombe akibaki nyuma ya kundi hutaka kujua kama amechechemea, ana ndama mchanga, au ametoka mbali zaidi kuliko wengine. Jedwali la matokeo humwonyesha aliye nyuma, na linaishia hapo.

Neno mtihani lenyewe lina maana mbili katika Kiswahili, jaribio la darasani na taabu impatayo mtu. Kwa watoto wa Chemba, kama itakavyoonekana, maana hizo mbili zilikutana mwaka 2018.

4.0 Nani yumo katika hesabu

Mwaka 2012 waliofaulu mtihani wa darasa la saba nchini walikuwa asilimia 30.72. Mwaka uliofuata walikuwa 427,606 kati ya 844,938, sawa na asilimia 50.61, mpaka wa kufaulu ulikuwa alama 100 kati ya 250. Mwaka 2015 ilifika asilimia 67.8, na mwaka 2018 watahiniwa 733,103 kati ya 943,318 walifaulu, sawa na asilimia 77.72. Shule zilizokuwa na theluthi moja ya waliofaulu zilikaribia robo tatu na kupita katika miaka sita. Ni nadra kwa mfumo wowote wa elimu kubadilika kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo, na sharti mtu aulize nini kilibadilika.

Mabadiliko ya sera yalikuwapo. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza mwaka 2013 kwa kufuata mfano wa Malaysia uliiweka elimu miongoni mwa sekta zake sita za kwanza na kulenga ufaulu wa asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Shule zilipangwa kwa nafasi ndani ya halmashauri na kitaifa, zikapewa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Kwa mara ya kwanza mwalimu mkuu wa shule ya kijijini aliweza kuambiwa, mbele ya wenzake, kwamba shule yake ni ya ngapi.

Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza athari za upangaji huo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Waligundua mambo mawili yanayostahili kusomwa pamoja. La kwanza, shule zilizokuwa chini kabisa ndani ya halmashauri zao ziliongeza asilimia ya waliofaulu baada ya nafasi zao kutangazwa. Zile za juu hazikubadilika hivyo. La pili, katika shule hizohizo za chini idadi ya watahiniwa ilipungua.

Ili kuelewa uzito wa jambo la pili ni lazima kutazama istilahi tatu ambazo taarifa za matokeo huzitumia karibukaribu mno: waliosajiliwa, waliofanya na waliofaulu. Asilimia ya ufaulu hupatikana kwa kuwagawanya waliofaulu kwa waliofanya. Tuseme shule ina wanafunzi 50 wa darasa la saba, na 25 kati yao wana uwezo wa kufaulu. Wote wakifanya mtihani, ufaulu ni asilimia 50. Kumi kati ya walio dhaifu wasipofanya, waliofaulu ni walewale 25, lakini sasa kati ya 40, na ufaulu ni asilimia 62.5. Shule imetoka njano ikaingia kijani. Hakuna mtoto hata mmoja aliyejua zaidi ya alivyojua jana.

Mtoto wa namna hiyo huenda wapi? Kiswahili cha shule kina maneno kadhaa ya kumtaja, na kila moja humpa yeye mzigo. Akirudishwa darasa huambiwa anakariri. Inastaajabisha kidogo kwamba kitenzi hichohicho hutajia kushika somo kwa moyo bila kulielewa. Anayekariri darasa na anayekariri kitabu wote wanarudia kitu kilekile bila kusonga mbele. Asipohudhuria huitwa mtoro. Katika pwani ya karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na neno bado linabeba hatia ya kukimbia. Kwenye uwanda wa kati, hata hivyo, mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mtihani hufanywa Septemba, wakati wa kiangazi kikali. Familia nyingi za wafugaji huwa zimekwisha kupeleka mifugo mbali kutafuta maji na malisho, na mara nyingi anayekwenda nayo ni mvulana wa umri wa darasa la saba. Kumwita mtoro ni kusema kwamba ametoroka. Kwa macho ya baba yake amekwenda kazini.

Kuna vipimo vinavyomfuata mtoto huyo nyumbani. Uwezo, mradi wa Twaweza, ulianza mwaka 2010 kuwapima watoto katika kaya badala ya madarasani, na kwa kufanya hivyo ukawajumuisha wasiokuwa shuleni. Matokeo yake ya kwanza yalionyesha kwamba watoto saba kati ya kumi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na kwamba mmoja kati ya watano wa darasa la saba naye hakuweza. Tarakimu hizo zilipokewa na wengi kama kashfa ya walimu. Kwa upande wa mbinu zilikuwa na maana nyingine: zilionyesha kwamba ukibadilisha mahali pa kupimia, unabadilisha anayehesabiwa.

5.0 Kuwajibika, kuwajibisha, kuwajibishwa

Shina wajib- limetoka Kiarabu, na katika Kiswahili limeshika mnyambuliko wa Kibantu bila taabu. Wajibika lina kiambishi -ik- na humtaja mtu aliyebebwa na deni la kazi yake. Kitendo cha Ali Hassan Mwinyi cha kujiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, kufuatia vifo vya raia waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, hutajwa mpaka leo kama mfano wa kuwajibika: mtu ambaye hakutenda kosa kwa mkono wake analibeba kwa hiari kwa sababu lilitokea chini ya ofisi yake. Kitenzi hapo kinaelekea juu, kwa mwenye cheo, na mwenye cheo ndiye kiima.

Wajibisha na wajibishwa vinaelekea chini. Anayewajibisha ni mkubwa, anayewajibishwa ni mdogo. Katika sajili ya matokeo ya elimu, umbo hili la pili limelishinda la kwanza kwa mbali. Walimu wakuu huwajibishwa, maofisa wa kata huwajibishwa. Nani amewawajibisha mara nyingi halisemwi, kwa kuwa kauli ya kutendwa huruhusu mtenda asitajwe. Kihusishi kwa nacho huachwa. Kuwajibika kwa wazazi ni jambo moja, kuwajibika kwa mkurugenzi ni jambo jingine, na kamati ya shule ambayo tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002 ilipewa sauti katika fedha za shule haimo katika sentensi hizo kabisa. Hata mabadiliko ya jina kutoka ukaguzi wa shule kwenda uthibiti ubora hayakugusa mwelekeo huu. Mkaguzi alitazama, mthibiti anashikilia.

Jambo moja la hivi karibuni katika eneo hilihili linaonyesha uwezekano mwingine. Kondoa ilikuwa miongoni mwa wilaya kumi zilizoingizwa katika jaribio la KiuFunza la miaka 2013 na 2014, lililohusisha shule 350. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine ziliahidiwa motisha, ambapo mwalimu alipata shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa madarasa ya kwanza hadi ya tatu aliyefaulu somo lake, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Nyingine zilipata vyote viwili, na zilizobaki hazikupata kitu. Kwa mujibu wa uchambuzi wa Isaac Mbiti na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, ruzuku peke yake haikuongeza alama za watoto. Motisha peke yake ilileta matokeo yasiyo thabiti. Vyote viwili pamoja vilileta ongezeko kubwa kuliko jumla ya kila kimoja. Kinachovutia kwa mtazamo wa makala haya ni kwamba hapo mtoto alihesabiwa mmoja mmoja, na mwenye kudai wajibu alitoa pia kitu cha kutekelezea wajibu huo. Kuwajibishwa bila vifaa, kama jedwali la rangi tatu lilivyofanya, ni nusu ya kitenzi.

5.1 Chemba, 2018

Mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2018 ulifanywa tarehe 5 na 6 Septemba. Tarehe 2 Oktoba Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, Charles Msonde, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, pamoja na shule chache za mahali pengine zikiwemo za Dar es Salaam na Mwanza, kwa sababu ya kuvuja kwa mtihani. Watoto wa shule hizo walipewa mtihani mwingine kuanzia tarehe 8 Oktoba.

Istilahi kufuta matokeo inahitaji kutazamwa. Matokeo yalikuwa bado hayajatangazwa. Kilichofutwa ni kitu ambacho mtoto hajawahi kukiona. Kisarufi, aidha, kilichofutiwa matokeo hakikuwa mtoto fulani wala shule fulani. Ilikuwa Chemba. Mahali pengine Baraza liliweza kuzitaja shule kwa majina yake; hapa jina la halmashauri lilitosha, na chini yake waliingia watoto wote wa darasa la saba, aliyeuona mtihani kabla na ambaye hakuuona. Nomino ya pamoja iliyokuwa imefundishwa kupokea sifa, kama katika sentensi ya (3), ilipokea adhabu kwa sarufi ileile. Wenye kuwajibishwa kwa maana ya sheria walikuwa watu wazima wachache. Waliorudi kuketi kwenye madawati, wiki tano baada ya kuambiwa wamemaliza shule, walikuwa watoto.

Haitakuwa haki kulilaumu Baraza kwa kulinda mtihani wake. Mtihani uliovuja haupimi kitu, na mtoto mwaminifu ndiye wa kwanza kuumizwa nao. Lakini inafaa kuuliza kishawishi kilitoka wapi. Halmashauri changa, iliyo na umri wa miaka sita tu tangu imegwe, hulinganishwa kila mwaka na jirani zake kwa tarakimu moja. Anayejua kwamba tarakimu hiyo ndiyo atakayoulizwa, na kwamba hataulizwa kitu kingine, ana njia tatu: kufundisha zaidi, kupunguza watahiniwa, au kuupata mtihani mapema. Njia ya kwanza ndiyo ngumu, na ndiyo inayochukua miaka.

6.0 Lugha aliyotoka nayo mtoto

Ugumu wa njia hiyo ya kwanza huko Chemba na Kondoa hauwezi kuelezwa bila kutaja lugha. Wanaisimu wamekwisha kulitambua eneo hili kama mahali ambapo lugha za asili nne tofauti zinakutana. Kigogo na Kirangi ni za Kibantu. Kiburunge na Kialagwa ni za Kikushi. Kidatooga ni ya Kiniloti. Kisandawe, kinachozungumzwa hasa kuzunguka Kwa Mtoro na Farkwa, kina fonimu za vidoko na hakina udugu uliothibitishwa na jirani zake wowote. Shule ya msingi ya umma huwapokea wote kwa Kiswahili, na lugha za jamii hazina nafasi rasmi darasani.

Umbali kutoka lugha ya nyumbani hadi lugha ya kitabu si sawa kwa wote. Mtoto wa Kigogo anayesema munhu hukuta mtu na watu, na mfumo wa ngeli na upatanisho anaoujua tayari. Kazi yake kubwa ni msamiati na baadhi ya sauti. Mtoto wa Kirangi yuko karibu pia, ingawa lugha yake ina irabu saba, na katika wakati ujao huweka kitenzi kikuu kabla ya kitenzi kisaidizi, mpangilio ulio nadra miongoni mwa lugha za Kibantu za Afrika Mashariki. Mtoto wa Kisandawe ametoka katika lugha isiyokuwa na ngeli kabisa. Nomino zake zina jinsi, ya kiume na ya kike, na kitenzi hupendelea kukaa mwisho wa sentensi. Kwake yeye kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka si mabadiliko ya umoja na wingi tu. Ni mfumo mzima ambao lazima aujenge upya, na anatakiwa aujenge wakati uleule anapofundishwa kusoma herufi zinazouwakilisha.

Mtaala wa mwaka 2015 uliyaelekeza madarasa ya kwanza na ya pili kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, maarufu kama KKK, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo KKK huchukulia kwamba K ya nne, Kiswahili chenyewe, mtoto amekuja nayo. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kufanya kazi katika mikoa kadhaa ukiwemo Dodoma kati ya mwaka 2014 na 2020, ulilitambua pengo hilo. Miongoni mwa shughuli zake ulikuwa utayari wa kuanza shule: wiki chache za hadithi na michezo kwa Kiswahili, zikiongozwa na watu wa kijijini hapohapo, kwa watoto waliokuwa karibu kuingia darasa la kwanza na ambao hawakuwa wamepata elimu ya awali. Mradi ulikwisha. Mahitaji ya Kwa Mtoro yamebaki yalivyokuwa.

Matokeo ya kitaifa huongeza utata huu kwa namna ya pekee. Mwaka 2013, kwa mfano, Kiswahili ndilo somo lililoongoza kwa ufaulu nchini na Hisabati ndilo lililokuwa la mwisho. Msomaji wa haraka huhitimisha kwamba Kiswahili si tatizo. Lakini maswali ya Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii huulizwa kwa Kiswahili pia. Mtoto anayekosa swali la hesabu lenye maelezo ya mistari mitatu huandikiwa kosa la hesabu, na hakuna safu katika jedwali inayoweza kusema alianguka kwenye mstari gani. Mtafiti anayetaka kulijua hilo itambidi aketi na karatasi za majibu, shule kwa shule, pamoja na mtu anayejua lugha ya nyumbani ya watoto wa shule hiyo. Ni kazi inayowafaa wanafunzi wa shahada za juu wa idara za Kiswahili kuliko watu wa takwimu.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa bora, likieleza kwamba utaratibu huo hauna tija. Maneno kinara na mkia yalipoteza kwa siku moja chanzo chake kikuu. Matokeo ya kila shule yanaendelea kutolewa, na yeyote mwenye subira anaweza kuyapanga mwenyewe. Halmashauri nazo hazikosi sababu ya kufanya hivyo. Sentensi za aina ya (3) na (4) kwa hiyo bado zitaandikwa. Mwandishi wa taarifa anayetaka kuzirekebisha hahitaji istilahi mpya. Anaweza kuanza na walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba kabla, aseme wangapi kati yao waliketi kwenye mtihani, wangapi walifaulu, na walipoanza shule walizungumza lugha gani nyumbani. Kwa Chemba ya mwaka 2018 angeanza na watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2012, mwaka uleule wilaya yao ilipozaliwa, wakati shule nyingi za huko zilikuwa bado zikiandikwa Kondoa.